Zumari ya Perpignan na Nyenzo Zake

Miongoni mwa ala za kupuliza zilizobaki mikononi mwa watu wa pwani ya kaskazini ya Mediterania hakuna, kwa rai yangu, iliyofanyiwa kazi ya ajabu zaidi kuliko tenora ya Wakatalani. Kwa maana hiyo ni zumari ya kale, zumari ya viwanja na harusi na maandamano, ambayo katikati ya karne ya 19 ilivikwa nyenzo za madini zilizobuniwa kwa ajili ya ala za kumbi na majumba ya wakubwa, na juu ya hayo yote haikukubali kushusha sauti yake wala kuuacha uwanja. Ala nyingi zilizopita njia hiyo ziliuza ukali wao ili zinunue adabu. Tenora ilipata wepesi wa vidole, na ukali wa pumzi ikabaki nao. Jinsi jambo hilo lilivyotendeka, kwa mikono ya nani na kwa sababu gani, ndiyo tarikhi ninayotaka kuieleza hapa, na naomba subira ya msomaji pale nitakapokawia juu ya mambo ya mti, ngozi na shaba, kwa kuwa katika ala ya namna hii habari za zama zilizopita zimetunzwa ndani ya matundu yenyewe.

Msomaji wa pwani yetu hatahitaji kuelezwa mengi juu ya asili ya ukoo huu. Zumari inayosikika Lamu na Mombasa watu wanapocheza kirumbizi ni ndugu wa damu wa ala ninayoizungumza: mrija wa mti uliochimbwa kwa umbo la pia, mwembamba juu na mpana chini, safu ya matundu ya vidole, kijibomba cha madini kilichochomekwa kichwani, na juu ya kijibomba hicho ndimi zilizokatwa kwa mmea, ambazo kwetu ni za majani ya miti ya jamii ya mnazi, na kwa Wakatalani ni za matete makubwa yaotayo kando ya mito yao. Chini ya ndimi hukaa kisahani, nacho ndicho kinachoegemewa na midomo ya mpigaji. Ukoo huu ulitoka mashariki, katika nchi za Waajemi, Waarabu na Waturuki, ukaenea pande mbili: kusini ulifuata vyombo vya bahari hata ukafika pwani ya Afrika, na magharibi ulifuata majeshi, wafanyaji biashara na waimbaji hata Andalusia na Sisilia, kisha ukaingia katika nyumba za wafalme wa Kikristo. Tortosa na Lleida, miji ya kusini na magharibi ya Katalonia ya leo, ilikaa chini ya watawala Waislamu mpaka miaka ya 1148 na 1149; kwa hiyo si lazima tutafute mbali sana mlango ambao ala hii iliweza kuupitia.

Katika karne ya 14 wafalme wa Aragon, ambao Barcelona ilikuwa katika milki yao, waliweka wapigaji wa zumari katika utumishi wa jumba. Na Mfalme Joan I, aliyetawala tangu mwaka 1387 hata 1396, alisifika kwa mapenzi yake ya muziki hata akawa anaandika barua kwa nchi za mbali kutafuta wapigaji na ala. Zumari za Ulaya za karne zile na zilizofuata zilitengenezwa kwa vimo mbalimbali, ndogo kwa sauti za juu na kubwa kwa sauti za chini, na hapo ndipo ilipozaliwa taabu ya kwanza ya mafundi. Mrija ukiwa mrefu, tundu la chini huangukia mahali ambapo kidole cha mwisho cha binadamu hakifiki, wala haliwezi kusogezwa juu kwa hisani ya kidole bila ya kuiharibu sauti, maana urefu wa pumzi iliyomo ndani ya mrija ndio unaoamua sauti iwe juu au chini. Dawa iliyopatikana ilikuwa wenzo mmoja: mkono wa shaba ulioegemea mhimili wake, kichwani umebeba kifuniko kilichotandikwa ngozi, na chini yake imewekwa kamani bapa ya kuuinua, mpigaji hubonyeza mkia, na kifuniko huziba tundu lililo mbali. Mkia huo ulichongwa wenye panda mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, kwa kuwa ilikuwa bado haijaamuliwa ni mkono upi ukae juu na upi ukae chini; na mtambo mzima ulifunikwa kwa kasha la mti lenye vitundu vingi, ili usigongwe wala usipindwe safarini. Kwa muda mrefu sana wenzo huo mmoja ulitosha.

Kisha njia zikaachana. Katikati ya karne ya 17 mafundi na wapigaji wa jumba la mfalme wa Ufaransa, ambao katika hao jamaa za Hotteterre na Philidor ndizo zitajwazo mno, waliishika zumari hii wakaigeuza kwa makusudi ya kuiingiza ndani ya nyumba. Waliugawa mwili wake vipande vitatu, wakaupunguza upana wa mrija, wakakiondoa kile kisahani, wakazifanya ndimi kuwa nyembamba. Na mpigaji akaanza kuushika utete kwa midomo mitupu na kuitawala sauti kwa nguvu za misuli ya mdomo, akiweza kuipandisha na kuishusha kama atakavyo. Hiyo ndiyo oboe, ambayo ilipata hadhi katika michezo ya kuigiza ya wafalme, katika makanisa na katika makundi ya ala za nyuzi, na ambayo kila ilipoongezewa wenzo ilizidi kuwa nyembamba na laini. Mimi siidharau hata kidogo, kwa kuwa kazi iliyotungiwa ni katika kazi bora za muziki wa Ulaya. Lakini ni haki kusema kwamba ala ile ilipoingia ndani ilifunga mlango nyuma yake, na watu wa nje wakabaki na zumari yao kama ilivyokuwa.

Katalonia ilikuwa katika hao wa nje. Mkataba wa Pirenei wa mwaka 1659 uliikata nchi hiyo sehemu mbili, Roussillon na mji wake mkuu Perpignan ikaangukia mkononi mwa Ufaransa, na sehemu kubwa zaidi ikabaki chini ya Hispania. Ila mpaka wa wafalme haukuwa mpaka wa ngoma, na wapigaji waliendelea kuupita mlima kwenda kupiga katika sikukuu za pande zote mbili. Zumari yao ya kijijini iliitwa tarota, na kundi la desturi lilikuwa la watu watatu waliopiga ala nne: mmoja alipuliza flabiol, ambayo ni filimbi fupi ya mkono mmoja, huku mkono wa pili ukipiga kigoma kidogo, wa pili alibana kwapani mfuko wa ngozi wenye mirija, uitwao sac de gemecs, na wa tatu alipiga tarota. Watu hao watatu waliweza kuchezesha kijiji kizima tangu alasiri hata usiku. Mahadhi yao yalikuwa machache na ya kale, yakizunguka katika sauti zile zile za mizani moja, na kwa mahadhi hayo matundu yaliyoachwa wazi yalikuwa yakitosha, wala fundi hakuwa na sababu ya kujisumbua.

Sababu ilikuja pamoja na karne ya 19. Opera za Waitalia zilienea katika miji yote ya bahari ile, na mtu aliyesikia wimbo mtamu Barcelona au Perpignan alitaka kuusikia tena katika uwanja wa kwao. Waltzi, polka na mazurka zilifika kutoka kaskazini na kukaa katika kila dhifa. Na nyimbo za namna hizo hupita kutoka mizani moja hata nyingine, zikidai nusu-sauti ambazo zumari tupu huzitoa kwa taabu. Mpigaji hodari aliweza kuzipata kwa kufungua tundu moja na kuziba yale yaliyo chini yake, na hila hiyo hufaa kwa ala yenye mrija mwembamba. Lakini katika mrija mpana sauti ya namna hiyo hutoka imefunikwa, kana kwamba inasemwa nyuma ya pazia, ilhali jirani zake ziko wazi na kali. Aidha, zilikuja ala za shaba zenye vali, zilizokuwa zikienea katika bendi za askari wa Ufaransa, hasa baada ya mashindano ya Champ de Mars mjini Paris mnamo tarehe 22 Aprili 1845, ambayo yalimpa ushindi Adolphe Sax na jamaa ya ala alizozibuni. Ala hizo zilikuwa na nusu-sauti zote, na nguvu zilikuwa nazo. Zumari iliyotaka kukaa pamoja nazo ilibidi iwe na vyote viwili, ama sivyo iondoke.

Elimu ya nyenzo nayo ilikuwa imekwisha komaa. Mwaka 1812 Iwan Müller aliwaonyesha wakuu wa chuo cha muziki cha Paris klarineti yake ya nyenzo 13, nao wakaikataa, wakihofu kwamba ala moja iwezayo kupiga katika mizani zote itaua tofauti ya tabia zilizokuwamo katika klarineti za vimo mbalimbali. Lakini wapigaji hawakuwasikiliza, na ile iliyokataliwa ikawa ndiyo desturi. Wengi wakimtaja Müller hutaja hesabu ya nyenzo zake, na mimi naona fadhila yake kubwa zaidi ilikuwa kifuniko. Zamani kifuniko kilikuwa kipande cha shaba bapa kilichobandikwa ngozi, ambacho kililala juu ya mti bapa na mara nyingi kilivujisha pumzi. Müller alitengeneza kifuniko cha mviringo kilichojazwa sufu ndani ya ngozi laini, na kingo za tundu akazichonga zikawa kama pete iliyoinuka, hata kifuniko kilipolala kilizama na kuziba kabisa. Pasipo hilo, kuongeza nyenzo kungekuwa kuongeza mivujo, kwa sababu kila tundu jipya lililochimbwa katika mti ni mlango wa hasara ikiwa halifungwi barabara. Baadaye Theobald Boehm wa München aliipanga upya filimbi yake, mara ya kwanza mwaka 1832 na ya pili mwaka 1847, akionyesha kwamba tundu litobolewe mahali linapodaiwa na sauti, kisha ndipo mtambo ubuniwe wa kukifikisha kidole hapo.

Aliyeyakusanya maarifa hayo na kuyapeleka kwa zumari alikuwa Andreu Toron, fundi wa ala mjini Perpignan, ambaye mwaka 1849 alitoa ala iliyojulikana kwanza kwa jina la oboe ya tenori, na ambayo watu hawakukawia kuiita tenora. Mji wake ulikuwa mahali pazuri pa kazi hiyo kuliko pengine popote: ulikuwa mji wa Ufaransa, ambao maarifa ya mafundi wa Paris na ala za bendi za askari yaliufikia bila ya kuvuka forodha, na watu wake walikuwa Wakatalani waliotaka zumari zao siku ya sikukuu. Fundi wa Paris angeiona tarota kuwa kitu cha washamba. Na fundi wa kijijini angeweza kuitengeneza tarota maisha yake yote asipate kuona klarineti ya nyenzo 13 ikifunguliwa mbele yake juu ya meza. Nyenzo za Toron nazo zilikuwa 13, na katika hesabu hiyo nadhani hatukosei tukiona ujirani wa klarineti.

Kwanza mti. Tenora hukerezwa kwa mti uitwao na Wakatalani ginjoler, na wataalamu wa mimea Ziziphus jujuba, ambao ni wa jamii moja na mkunazi wetu, na matunda yake huliwa huko majira ya vuli kama zinavyoliwa kunazi kwetu. Mbao yake ni ngumu, nzito, yenye nyuzi zilizoshikamana, rangi yake nyekundu iliyoelekea kahawia. Hukubali kung'arishwa, na tundu lililotobolewa ndani yake hubaki na kingo kali zisizomeguka, jambo lililo kubwa katika ala ambayo kila ukingo wa tundu ni sehemu ya sauti. Ila mti huo hukua polepole, na ukisha kukatwa hautumiki upesi: magogo hupasuliwa na kulazwa kivulini kwa miaka, mpaka maji yote yatoke na mbao imalize kujinyonganyonga, maana mbao iliyokerezwa ikiwa mbichi hupinda baadaye na kuugeuza mrija, na mrija uliogeuka haurekebishiki. Baada ya hapo fundi huuweka mti katika kerezo na kuutoboa kwa keke nyembamba toka mwisho hata mwisho, kisha huingiza vyuma vya umbo la pia, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia, mpaka upana wa ndani upande kwa taratibu ile ile pasipo tuta wala shimo. Umbo hilo la pia ndilo linaloifanya ala ya ukoo huu, mpigaji anapozidisha nguvu ya pumzi, iruke hata sauti iliyo oktavo moja juu, na hivyo vidole vile vile vipate kazi mara mbili.

Chini ya mti huunganishwa kinywa cha madini kilichopanuka, nacho ni alama ambayo tenora hutambulikana nayo kwa mbali. Kwa kinywa hicho ala nzima hufika takriban sentimita 85. Tible, dada yake mdogo mwenye sauti za juu, ni mti mtupu toka juu hata chini. Madini hayo huurefusha mrija na kuipa ala sauti za chini ambazo tarota haikuwa nazo, tena huzipa sauti hizo mng'ao fulani wa ukali ambao mti peke yake hauutoi. Wako waliodhani kwamba kinywa cha madini kimewekwa kwa ajili ya pambo. Asikiaye tenora ikishuka hata sauti zake za mwisho hatasema hivyo tena.

Kichwani Toron alikiacha kila kitu kama zamani, na hapa ndipo ninapouona ubora wa shauri lake. Ndimi zilibaki pana na fupi, zimekatwa kwa utete wa Arundo donax uliokaushwa, na kuchongwa kwa kisu mpaka ncha zake ziwe nyembamba za kuweza kutetema. Zilifungwa juu ya kijibomba cha madini, na kisahani cha mti kikabaki mahali pake. Angeweza kufanya kama walivyofanya mafundi wa mfalme miaka 200 kabla yake, akaondoa kisahani na kuukondesha utete, na wapigaji wa oboe wangeipokea ala yake bila ya taabu. Lakini angekuwa ametengeneza oboe kubwa ya tatu au ya nne, na uwanja wa Figueres ungekuwa umepoteza sauti iwezayo kufika ukingoni mwake. Kisahani humpa mpigaji mahali pa kuegemeza midomo wakati pumzi inapotoka kwa nguvu nyingi, na utete mpana huitikia nguvu hizo bila ya kukwama. Mpigaji aliyezoea anaweza kustahimili kazi ya mchana mzima, ambayo ingeichosha midomo mitupu kabla ya jua kuchwa.

Tuje sasa katika nyenzo zenyewe. Kazi yake ni ya namna mbili. Ziko zinazofikisha kidole mahali kisipofika, hasa katika sehemu ya chini ya ala, ambako matundu ni mapana na yameachana kiasi ambacho hata mkono wa mtu mkubwa hauwezi kuyafunika. Na ziko zinazotoa nusu-sauti, ambazo kila moja imetobolewa tundu lake peke yake mahali inapostahili kuwapo, ili isitegemee hila ya kuziba na kufungua. Zile za kwanza aghalabu hukaa wazi na kufungwa kwa kidole. Zile za pili hukaa zimefungwa kwa kamani, nazo hufunguka zinapoguswa. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa fundi, kwa kuwa kamani ya wenzo uliofungwa lazima iwe na nguvu za kutosha kukikandamiza kifuniko wakati mrija umejaa pumzi, na papo hapo isiwe ngumu hata ikakichelewesha kidole. Mizani baina ya nguvu hizo mbili hupatikana kwa kuipinda kamani kidogo kidogo, kuijaribu, na kuipinda tena, wala hakuna kipimo kilichoandikwa kiwezacho kushika nafasi ya mkono uliozoea. Mikono ya nyenzo hukatwa katika madini, hupigwa tupa, huunganishwa kwa lehemu, kisha husimamishwa juu ya vishikizo vilivyokazwa katika mti. Na mahali ambapo mikono miwili yapaswa kupishana, mmoja hupindwa upite juu ya mwenziwe bila ya kuugusa, maana shaba ikigongana na shaba hutoa mlio usiotakiwa.

Ala nzuri isiyo na mwenyewe wa kuisemesha haiendi mbali, na tenora ilimpata mwenyewe mapema. Josep Maria Ventura, ambaye Wakatalani wote humwita Pep Ventura, alizaliwa mwaka 1817 katika mji wa Alcalá la Real, huko kusini mwa Hispania, ambako baba yake alikuwa askari. Akakulia Empordà, kaskazini mwa Katalonia, akajifunza ushonaji na muziki, akamwoa binti ya Joan Llandrich wa Figueres, ambaye alikuwa mshonaji vile vile na kiongozi wa kundi la wapigaji. Kundi hilo, ambalo kwa lugha yao huitwa cobla, likaja mikononi mwake. Ventura aliishika tenora, akaipa wimbo mkuu ambao zamani ulikuwa wa tarota ndogo, akauacha mfuko wa ngozi, na kuongeza ala za shaba; na kwa kuwa sasa alikuwa na sauti iwezayo kuimba kwa muda mrefu na kugeuka kutoka hali hata hali, hakuridhika tena na dansi fupi ya sardana yenye hesabu isiyobadilika. Yeye na mwenziwe Miquel Pardas waliirefusha, na mwaka 1850 Pardas alichapisha Figueres kitabu cha kuwafundisha watu namna ya kuicheza sardana ndefu. Angalia ukaribu wa miaka hiyo miwili, 1849 na 1850: ala na dansi zilikua pamoja, na ni vigumu kusema ni ipi iliyoibeba nyenzake. Ventura aliacha sardana nyingi sana, na ile iitwayo Per tu ploro hupigwa hata leo. Alifariki Figueres mwaka 1875.

Baada yake cobla ilitulia katika idadi ya wapigaji 11 wa ala 12. Mbele huketi mpigaji wa flabiol na kigoma chake, wa tible wawili na wa tenora wawili. Nyuma husimama wenye tarumbeta mbili, trombone moja na fiscorn mbili, pamoja na zeze kubwa la besi. Mpango huo si wa adabu tu, maana ndimi za utete zimewekwa mbele ya shaba, nazo ndizo zinazosema, na shaba huitikia. La Principal de la Bisbal, iliyoundwa mwaka 1888, ni mojawapo ya makundi ya mpango huo ambayo hayajavunjika mpaka sasa. Watungaji waliosoma nao wakaikaribia ala hii, akiwamo Juli Garreta wa Sant Feliu de Guíxols, aliyeishi tangu 1875 hata 1925, na Enric Morera, ambaye sardana yake La Santa Espina ya mwaka 1907 ilipendwa kiasi cha kupigwa marufuku mwaka 1924 katika utawala wa kijeshi wa Primo de Rivera, kwa kuwa serikali iliuona wimbo huo kuwa bendera ya Wakatalani. Wapigaji wakubwa, kama Ricard Viladesau aliyefariki mwaka 2005, waliitoa ala hii katika dansi na kuisimamisha peke yake mbele ya wasikilizaji walioketi kimya. Hata hivyo hawakuibadilisha kwa ajili ya ukumbi.

Ningekuwa nimeieleza nusu tu ya habari hii kama ningenyamaza juu ya gralla, zumari nyingine ya Wakatalani, iliyo ya kusini, katika nchi za Penedès na Tarragona. Hiyo ni ndogo, hukerezwa kwa gogo moja, sauti yake ni kali kupita kiasi, na matundu yake huzibwa kwa vidole vitupu. Kazi yake kubwa ni kuyasindikiza maghorofa ya watu, castells, yanayojengwa katika Valls, Vilafranca na miji mingine, ambayo mwaka 2010 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya mirathi ya wanadamu. Watu husimama mabegani mwa wenzao tabaka juu ya tabaka, na mamia hujikusanya chini kuwashikilia; hao wa chini wamebanana, nyuso zimeelekea migongo ya wenzao, hawaoni kinachotendeka juu. Gralla ndiyo inayowaambia. Wimbo huanza pale ujenzi ulipofika daraja iliyowekwa, hubadilika mtoto anapofika kileleni na kuinua mkono, kisha huendelea mpaka wa mwisho ateremke salama. Na mtu aliyebeba uzito begani hujua kwa masikio tu amebakiwa na kazi kiasi gani. Kwa amana ya namna hiyo haitakiwi nusu-sauti hata moja. Yatakiwa sauti isiyoweza kukosekana kusikika.

Hata hivyo gralla nayo ilijaribiwa. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, tamaa ile ile ya polka na waltzi ilipowafikia watu wa kusini, mafundi waliirefusha na kuitia nyenzo chache, wakaiita gralla tamu, na vikundi vya wapigaji watatu na mpiga ngoma wao vilipiga dansi za kisasa katika sikukuu za vijiji kwa miaka 50 hivi. Kisha vikaja vikundi vya mtindo mpya, na vita vya mwaka 1936, na gralla yenye nyenzo karibu ilipotea, ilhali ile tupu, iitwayo gralla kavu, ilibaki mahali pake chini ya maghorofa ya watu. Tenora haikupatwa na hali hiyo, nami naona sababu ni kwamba nyenzo zake hazikuongezwa ili ipige nyimbo za wageni peke yake. Papo hapo zilipata dansi ya wenyeji iliyozihitaji, na mtungaji aliyejua kuzitumia. Gralla ya nyenzo ilitegemea dansi za kuja, na dansi hizo zilipoondoka hapakubaki wa kuidai. Katika miongo ya mwisho wa karne ya 20 vijana wa kusini walizitafuta tena karatasi za muziki za mababu zao, mafundi wakazinakili gralla chache zenye nyenzo zilizosalia, na sasa ala zote mbili hutengenezwa katika karakana moja: ile yenye nyenzo kwa dansi za sauti tatu, na ile tupu kwa siku ya maghorofa.